Achieng Oneko: Mahakama ilimfutia hatia, serikali ikampeleka kisiwani

Mwezi wa Januari 1954, Mahakama Kuu ya koloni la Kenya ilisoma uamuzi wa rufaa za watu sita. Watano walishindwa. Mmoja, Ramogi Achieng Oneko, alishinda. Majaji waliona kwamba ushahidi uliotumika kumtia hatiani hautoshi, wakafuta hukumu pamoja na kifungo chake cha miaka saba na kazi ngumu. Kwa sheria, tangu saa ile alikuwa mtu huru kama mtu mwingine yeyote wa Kenya. Lakini hakufika nyumbani. Alikamatwa tena papo hapo kwa amri ya serikali, na kijiji chake akakiona tena baada ya miaka saba na zaidi. Hesabu hiyo msomaji aishike, maana kifungo alichofutiwa nacho kilikuwa cha miaka saba.

Kwetu Mbugangari jina la Oneko halitajwi mara kwa mara. Waliokulia Nairobi, Kisumu au Kampala kabla ya kurudi Rwanda wanalifahamu zaidi, na wapo wanaolijua jina Ramogi kwa sababu ya redio tu. Hata hivyo habari zake zinawagusa watu wa mtaa huu, ambao wengi ni watu wa kuvuka mpaka, asubuhi Goma, jioni Gisenyi. Mtu wa kazi hiyo anaishi kwa karatasi. Anajua tofauti ya kushukiwa na kukutwa na kitu mkononi. Anajua pia kwamba mtu anaweza kuwa na karatasi zote safi na bado akalala ndani.

Oneko alizaliwa mwaka 1920 huko Uyoma, rasi inayoingia katika Ziwa Victoria upande wa Nyanza, eneo ambalo leo ni Rarieda katika kaunti ya Siaya. Ni nchi ya wavuvi na wafugaji. Alisoma katika shule ya Maseno, ile shule ya wamisionari wa Kianglikana iliyowatoa viongozi wengi wa Nyanza. Kijana aliyepita Maseno siku zile alikuwa na njia mbili zilizo wazi, ualimu au ukarani, na pote alijua mapema kuwa mshahara wake hautafika popote karibu na wa Mzungu wa kazi ileile.

Yeye akavutwa na magazeti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, magazeti madogo ya lugha za wenyeji yalichipuka Nairobi kama uyoga baada ya mvua. Wakikuyu walikuwa na Mumenyereri la Henry Muoria. Wajaluo wakapata Ramogi, jina la babu yao mkuu katika masimulizi ya kale, na Oneko akawa mhariri wake. Nyuma ya gazeti hilo ilikuwapo kampuni ya Lutatco iliyoanzishwa na Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1947 kwa hisa ndogo ndogo zilizokusanywa kwa watu wa kawaida, kijiji kwa kijiji. Mwenye kuuza nyanya au sabuni ataelewa ugumu wa kazi hiyo: kumshawishi mtu atoe shilingi zake kwa ajili ya mashine ya kuchapisha magazeti ambayo hataiona kwa macho.

Gazeti lilimwingiza katika siasa. Chama cha KAU, kilichoanzishwa mwaka 1944 na kuongozwa na Jomo Kenyatta tangu 1947, kilidai ardhi na haki ya kupiga kura. Nyanda za juu zenye rutuba zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya walowezi Wazungu. Mwafrika alikuwa amezoeshwa kutembea na kipande, na uwakilishi wake katika Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa wa kuteuliwa tu. Mwaka 1951 KAU iliwatuma watu wawili Uingereza wapeleke malalamiko ya ardhi, Mbiyu Koinange na Achieng Oneko. Koinange alibaki huko. Oneko alirudi mwaka 1952, naye alikuwa katibu mkuu wa chama.

Angebaki London pamoja na mwenzake, habari yake ingekuwa nyingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, gavana Evelyn Baring alipokwisha kutia sahihi tangazo la hali ya hatari, polisi na askari waligonga milango ya viongozi wa KAU katika nchi nzima. Oneko alikuwa mmoja wa waliochukuliwa. Kati ya wote, sita waliteuliwa wafikishwe mahakamani, nao ni Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Oneko. Wanne walikuwa Wakikuyu, Ngei alikuwa Mkamba, na Oneko peke yake alikuwa Mjaluo. Shtaka kubwa lilikuwa kwamba walikisimamia chama haramu, Mau Mau, kilichopigwa marufuku Agosti 1950.

Shule iliyogeuzwa mahakama

Kapenguria ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali. Iko Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale, karibu na mpaka wa Uganda, na wakati ule hapakuwa na reli wala hoteli wala umati wa watu ambao ungesimama nje kupiga kelele. Eneo lilifungwa, mtu hakuweza kuingia ila kwa kibali. Jengo la shule likafanywa mahakama. Mawakili walilala Kitale na kupanda kila siku kwa gari, mvua ikinyesha wanasukuma.

Mawakili wenyewe walikuwa kundi la kushangaza kwa enzi zile. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt, wakili maarufu wa London aliyewahi kuwa mbunge. Walikuwapo A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, wenye asili ya Bara Hindi waliokuwa wakifanya kazi Kenya. Kutoka Tanganyika alikuja Dudley Thompson, Mjamaika aliyezaliwa Panama. Chaman Lall alitoka India na H. O. Davies alitoka Nigeria. Kesi ya watu sita wa Kenya ikawa kesi ya nusu ya dunia iliyokuwa chini ya bendera ya Mwingereza. Pritt mwenyewe alishtakiwa katikati ya kesi kwa kuidharau mahakama, eti kwa sababu ya simu ya maandishi aliyoituma Uingereza. Akashinda, akarudi kuendelea na kazi.

Aliyesikiliza kesi alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa shughuli hiyo moja. Alikaa peke yake bila baraza la wazee wa mahakama. Wanahistoria wameeleza kwamba aliahidiwa na kulipwa pauni 20,000 nje ya mshahara wake, kwa maelezo kuwa baada ya hukumu hataweza kuishi Kenya kwa usalama. Siku zile pauni 20,000 ilikuwa mali ya kumtosha mtu maisha yake yote. Hakimu anayejua kabla ya kesi kwamba baada ya kesi atahitaji kuihama nchi, huyo tayari anajua atasema nini.

Ushahidi ulisikilizwa tangu Desemba 1952 mpaka mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, yule mtafiti wa mifupa ya kale aliyekulia kwa Wakikuyu, na mawakili wa utetezi walizilalamikia tafsiri zake hata akaiacha kazi. Jambo hilo si dogo. Katika kesi iliyotegemea nani alisema nini katika mkutano gani na kwa maneno yapi, neno moja la Kikuyu likigeuzwa vibaya kwa Kiingereza linaweza kumpeleka mtu jela. Watu wa mpakani wanaoongea Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa au Kiingereza ofisini hawahitaji kuelezwa zaidi.

Shahidi aliyetegemewa sana na upande wa mashtaka aliitwa Rawson Macharia. Alisema kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta akiendesha kiapo. Tuweke kituo hapo kidogo. Maneno hayo yalimhusu Kenyatta, hayakumhusu Oneko. Kiapo cha Mau Mau kiliendeshwa kwa Kikuyu na kwa mila za Kikuyu, na huyu alikuwa mwana wa Uyoma. Kilichomfunga na wengine watano kwa wazi ni KAU, chama kilichoandikishwa kihalali, ambacho hakikupigwa marufuku mpaka Juni 1953, yaani baada ya hukumu kusomwa.

Mambo ya Macharia yaliendelea kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuitunga. Baada ya kesi alipelekwa Uingereza kusoma. Mwaka 1958 aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa uongo na kwamba ahadi ya masomo ndiyo iliyokuwa malipo. Serikali haikufungua upya kesi ya Kenyatta. Ilimshtaki Macharia kwa hicho kiapo cha pili, naye akaenda jela mwaka 1959.

Hukumu ya Thacker ilisomwa tarehe 8 Aprili 1953. Siku 13 kabla yake, usiku wa tarehe 26 Machi, makumi ya watu walikuwa wameuawa kijijini Lari na wapiganaji wa Mau Mau, wengi wao wanawake na watoto, na kisha vikosi vya serikali vikalipiza kisasi kwa kuua wengine wengi. Walowezi walikuwa wakitaka damu. Wote sita wakatiwa hatiani, wakapewa miaka saba na kazi ngumu.

Rufaa

Rufaa ya kwanza haikugusa ushahidi hata kidogo. Mawakili waligundua kwamba Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Kwa maneno mengine, muhuri haukuwa wa ofisi ile. Mfanyabiashara aliyewahi kurudishwa na mzigo wake kwa sababu karatasi iligongwa muhuri usiohusika atatabasamu hapa. Julai 1953 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kesi yote haikuwa halali. Baada ya muda mfupi, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaurudisha mzigo pale ulipokuwa, hukumu ikasimama tena.

Ikabaki rufaa yenyewe, ile ya kuuliza kama hatia imethibitishwa. Hiyo ndiyo iliyoamuliwa Januari 1954.

Kazi ya jaji wa rufaa ni tofauti na ya hakimu wa kwanza. Hawaoni mashahidi wakitokwa na jasho kizimbani. Anapewa maandishi ya yote yaliyosemwa, anayasoma na kujiuliza kama mtu mwenye akili timamu anaweza kufika katika hatia kwa njia ya maneno haya. Kesi ya watu wengi kwa pamoja ina hatari yake. Ushahidi uliotolewa juu ya mmoja huenea kama harufu ya samaki ndani ya teksi, na wote wanaoshuka wananuka. Ndiyo maana sheria inataka kila mshtakiwa atazamwe peke yake: huyu alifanya nini, wapi, na nani aliyemwona. Upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo hauwekwi mabegani mwa mshtakiwa hata awe anachukiwa namna gani.

Walipofika kwa Oneko, majaji hawakupata cha kutosha. Ukatibu wa chama halali haukuwa uthibitisho wa kusimamia chama haramu, na urafiki na Kenyatta haukuwa kosa lililoandikwa katika kitabu cha sheria. Hukumu yake ikafutwa. Rufaa za watano wengine zikatupwa, na baadaye mwaka huohuo wa 1954 Baraza la Mfalme na Malkia huko London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilikataa hata kuwasikiliza.

Sioni sababu ya kuwafanya majaji wale mashujaa. Walikuwa watumishi wa koloni, na kwa hao watano waliridhika na ushahidi ambao historia imeushuku vikali. Lakini jambo hili lisipite kimyakimya: katikati ya vita, wakati mahakama za dharura zilikuwa zikipeleka watu kitanzini kwa mfululizo, zaidi ya watu 1,000 kabla ya hali ya hatari kwisha, kulikuwa na majaji waliosoma jalada la mtu mmoja aliyechukiwa na jamii yao nzima, wakasema hapa hapana kitu. Kuanzia siku hiyo serikali ya Uingereza haikuweza tena kumwita Oneko mhalifu. Ikabidi itafute jina lingine.

Kisiwa cha Manda

Jina hilo lilikuwapo tayari: mtu wa kuzuiliwa. Kanuni za hali ya hatari zilimpa gavana uwezo wa kutia sahihi karatasi moja na mtu akawekwa ndani bila shtaka, bila kesi na bila tarehe ya kutoka. Hapo hapakuwa na shahidi wa kuhojiwa wala tafsiri ya kulalamikiwa. Mahakama ilikuwa imemaliza kazi yake, na kizuizi hiki hakikuwa kazi yake. Kwa hesabu za serikali yenyewe, watu karibu 80,000 walipitia makambi ya kizuizini katika miaka ile, na wapo wanahistoria wanaosema walikuwa wengi kuliko hapo.

Oneko alipelekwa Takwa, katika kisiwa cha Manda mkabala na Lamu. Mtu wa Uyoma, aliyezaliwa kwenye ukingo wa maji matamu, akatupwa upande wa pili kabisa wa nchi, kwenye kisiwa cha mikoko na mibuyu ambacho maji ya kunywa ni shida tangu zamani. Takwa yenyewe ni magofu ya mji wa kale wa Waswahili uliohamwa na wenyewe karne kadhaa zilizopita. Kambi ilikuwa ya wale ambao serikali iliwaona kuwa vichwa vya siasa, watu wasiotakiwa kuchanganyika na wengine.

Wenzake watano walikuwa Lokitaung, jangwani Turkana, wakitumikia vifungo vyao. Ukilinganisha hali zao utaona kichekesho kichungu. Walioshindwa rufaa walijua tarehe yao. Vifungo vyao, kwa punguzo la kawaida, vilikwisha Aprili 1959, ingawa nao waliwekewa amri ya kukaa Lodwar badala ya kurudi makwao. Aliyeshinda rufaa hakuwa na tarehe yoyote ya kuhesabu. Mwenye hatia alikuwa na kalenda ukutani, asiye na hatia hakuwa nayo.

Mwezi mmoja kabla ya vifungo hivyo kwisha, Machi 1959, wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa na walinzi mpaka wakafa katika kambi ya Hola. Habari hiyo ilifika Bungeni London na kuwatia aibu waliokuwa wakiyatetea makambi. Hali ya hatari iliondolewa mwaka 1960. Katika uchaguzi wa Februari 1961 chama cha KANU kilishinda, kikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiwe. Oneko alikuwa miongoni mwa waliokuwa na Kenyatta huko Maralal mwaka huo, na mwaka huohuo wakatoka. Aliyefutiwa hatia na waliothibitishiwa hatia walirudi uraiani katika mwaka mmoja.

Rafiki Ikulu

Baada ya kutoka, Oneko alikuwa katibu binafsi wa Kenyatta. Watu hawa wawili walikuwa wamekaa kizimba kimoja, wakasubiri hukumu moja, wakamaliza kizuizi mahali pamoja. Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nakuru mjini, Mjaluo katika mji wa Bonde la Ufa, akateuliwa waziri wa habari. Mhariri wa kijigazeti cha Ramogi sasa alisimamia redio ya taifa, na katika siku zile za uhuru Kenya ikapata pia shirika lake la habari.

Haikudumu. Mabishano juu ya ardhi, ile ardhi aliyoipelekea barua London mwaka 1951, yaliwagawa. Kenyatta na walio karibu naye walitaka mashamba ya walowezi yauzwe kwa wenye fedha na wenye mikopo. Odinga, Kaggia na Oneko waliona maskini aliyepigania ardhi anaachwa nje ya ua. Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na Oneko akaacha uwaziri, wakajiunga na chama kipya cha KPU. Bunge likabadilisha katiba haraka ili kila aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Oneko alishindwa Nakuru. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya usalama wa umma iliyorudisha uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi. Bendera ilikuwa nyingine, karatasi ya kutia sahihi ilikuwa ileile.

Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali kuu mpya. Wananchi walikuwa bado na uchungu wa kuuawa kwa Tom Mboya mwezi Julai. Kenyatta na Odinga walirushiana maneno hadharani, ghasia zikazuka, na walinzi wa rais wakafyatua risasi kwenye umati. Watu wengi walikufa, wakiwamo watoto. KPU ikapigwa marufuku siku chache baadaye na viongozi wake wakakamatwa. Oneko alikuwa mmoja wao, na hakushtakiwa kwa kosa lolote.

Safari hii hapakuwa na Pritt wala Kapila, kwa kuwa hapakuwa na kesi ya kutetea. Hapakuwa na jalada la kupeleka kwa jaji wa rufaa. Aliachiwa mwaka 1975. Ukijumlisha miaka ya mkoloni na miaka ya uhuru, inafika karibu 15, na katika yote hiyo hakuna hata hukumu moja iliyosimama juu yake. Wapo wanaosema Kenyatta alilazimishwa na waliomzunguka. Mimi naona sahihi ni ya mwenye kuitia.

Wenzake wa Kapenguria walikuwa na mambo yao. Kung'u Karumba, ambaye baada ya uhuru alikuwa mfanyabiashara, alivuka kwenda Uganda mwaka 1974 kwa shughuli za biashara, wakati wa Idi Amin, na hakuonekana tena. Familia yake haikupata mwili wala kaburi. Kenyatta alifariki mwaka 1978 akiwa rais. Kubai alifuata 1996, Ngei 2004, Kaggia 2005.

Mzee Oneko aliwazidi wote kwa umri wa kuishi. Siasa ya vyama vingi iliporudi Kenya, alisimama Rarieda kwa tiketi ya FORD-Kenya, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 watu wa nyumbani wakampeleka Bungeni akiwa na umri wa miaka 72. Bunge hilo ndilo lililokaa mpaka 1997, na katika mwaka wake wa mwisho, kwa maafikiano ya serikali na upinzani, uwezo wa kumfunga mtu bila kesi uliondolewa katika ile sheria ya 1966.

Alifariki tarehe 9 Juni 2007, nyumbani kwake Rarieda, akiwa na miaka 87, wa mwisho kati ya wale sita. Miaka minne baadaye, wazee waliopitia makambi ya kizuizini walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza huko London, ilibainika kwamba maelfu ya majalada ya makoloni, ya Kenya yakiwamo, yalikuwa yamefichwa muda wote katika jumba la serikali la Hanslope Park. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9. Safari hii ushahidi ulipatikana, na uliandikwa na maofisa wa serikali wenyewe.